Naomba ushauri: wanunuzi watatu wa mashine yangu ya alizeti, Kizota, Dodoma

Mama wa Kizota:
Ndugu zangu, habari za majukumu. Tangu mwaka 2013 ninaendesha mashine ya kukamua alizeti, na sasa nalazimika kuiuza kwa sababu mama yangu, aliyeko Kondoa, hawezi tena kukaa peke yake. Nauza mashine, chujio, mizani, umeme wa njia tatu uliokwisha kuunganishwa, na jina ambalo wakulima wa Bahi na Chamwino wanalifahamu. Bei yangu ni milioni 38.

Wa kwanza kujitokeza ni jirani mwenye mashine kubwa kuliko yangu. Anatoa milioni 26 taslimu wiki hii, lakini kabla ya kulipa anataka aone kaunta buku yenye majina na simu za wakulima. Wa pili ni mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu, ambaye hajawahi kushika gunia la alizeti ila hajapinga bei. Wa tatu ni kijana wangu wa mashine, ambaye kwa sikio tu hutambua kwamba beringi imeanza kuchoka. Ana milioni 9, na iliyobaki anaomba ailipe kwa misimu miwili. Kila nikizungumza na mmoja wao naona kama nauza kitu kingine.

Mzee wa Kibaigwa:
Mama, pole na hongera kwa kumjali mzazi. Ni kweli kila mmoja ananunua kitu chake. Jirani yako mashine anayo. Anachokitaka ni wakulima wako, na akishaisoma hiyo kaunta buku hana tena sababu ya kukulipa. Mimi nilipouza mashine ya kusaga na kukoboa nilimwonyesha mshindani wangu daftari kabla hajatoa hata kishika uchumba, na mwezi uliofuata wateja wangu walikuwa wamepanga foleni kwake. Mwonyeshe idadi ya magunia kwa msimu, majina yafunike.

Mhasibu:
Dada, huyo mstaafu ananunua kipato, na hofu yake ni mafao yake kupotea. Mpe hesabu za misimu mitatu, mafuta peke yake na mashudu peke yake, na usimfiche miezi ambayo mashine husimama kabla ya mavuno mapya. Mweleze pia kwamba TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, haiendi naye, na kwamba mabadiliko ya mmiliki wa jina la biashara hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kuhusu kijana, uaminifu wake usikuzuie kuandikiana mkataba mbele ya wakili, unaosema kwamba mashine inabaki yako hadi malipo ya mwisho.

Mama wa Kizota:
Nawashukuru sana. Kaunta buku nimeiondoa kiwandani, iko nyumbani. Jambo moja sikuliandika: mstaafu ameniuliza mara mbili kama yule kijana ataendelea kuwapo.

Mzee wa Kibaigwa:
Basi hapo pana neno, mama. Mmoja ana fedha bila ujuzi, mwingine ana ujuzi na fedha kidogo. Wakutanishe, kijana aweke milioni 9 zake kama hisa, mstaafu ajazie, nawe ulipwe kwa mkupuo.

Mama wa Kizota:
Nimewaita wote wawili Jumamosi saa nne asubuhi. Nitawasha mashine wakiwapo, ili mstaafu amwone kijana akiwa kazini kabla hatujagusa habari ya fedha.