MJADALA: Rockies walitafuta kiongozi wa besiboli, au mtu wa kuishi naye vizuri?

Wadau wa michezo, salaam. Naleta hoja hii nikiwa na uchungu, mniwie radhi nikiongea kwa ukali. Naishi Aurora, Colorado, na timu yangu ni Rockies wa Denver. Msimu wa 2025 walicheza mechi 162, wakapoteza 119. Toa pointi walizofungwa kwenye walizofunga unapata hasi 424, na tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kufikia ubaya huo. Oktoba meneja mkuu, Bill Schmidt, akaachia ngazi, na familia ya Monfort inayomiliki timu ikaanza kusaka mrithi. Novemba wakamleta Paul DePodesta kama rais wa shughuli za besiboli, juu ya meneja mkuu yeyote atakayekuja.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu: meneja mkuu si kocha. Kocha anapanga kikosi cha leo. Meneja mkuu ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na timu nyingine na kuongoza maskauti, yaani wasaka vipaji. Akikosea yeye, kocha hana la kufanya.

Hilo nililiona kwa macho. Mei 10 ya msimu huo nilimpeleka mwanangu Coors Field, uwanja wa Rockies, tukakaa kule juu kwenye safu ya viti vya zambarau, inayoonyesha kimo cha maili moja kamili, mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Wageni, Padres wa San Diego, walishinda 21-0. Mrushaji wao, Stephen Kolek, alimaliza awamu zote tisa peke yake. Mwanangu alikuwa anajaza matokeo kwa penseli kwenye kadi yake. Visanduku vya wageni vikamjaa, akawa anaandika pembeni ya karatasi, herufi ndogondogo, hataki kuacha hata moja. Kesho yake Rockies walishinda, na siku hiyohiyo wakamfukuza kocha Bud Black, timu ikiwa imeshinda 7 na kupoteza 33. Aliyekisajili kikosi kile alibaki ofisini hadi Oktoba.

Shina la mambo liko mbali kidogo. Februari 2021 walimtoa Nolan Arenado, mchezaji wao bora, kwenda St. Louis, na juu yake wakaongeza karibu dola milioni 50. Aprili meneja mkuu wa wakati huo, Jeff Bridich, akaondoka. Schmidt, aliyekuwa mkuu wa uskauti, akakaimu. Msimu ulipoisha akathibitishwa, hakuna msako wa nje uliofanyika. Machi 2022 Kris Bryant akapewa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 182. Katika misimu minne amecheza mechi 170 tu! Matokeo yake ndiyo haya: tumepoteza 103 mwaka 2023, 101 mwaka 2024, kisha 119.

Safari hii wametoka nje, nakubali. Lakini msako wenyewe uliongozwa na Walker Monfort, mtoto wa mmiliki Dick Monfort. Ripoti zikasema wamebaki wawili, mmoja kutoka timu ya Diamondbacks na mwingine Guardians. Hakuna hata mmoja aliyechukua kazi. Ndipo likaibuka jina la DePodesta, mtu aliyekuwa Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani, tangu 2016.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kuuliza nani, familia ingetangaza kwanza huyo mtu atakuwa na mamlaka gani. Nani ana neno la mwisho kwenye usajili? Nani anaweza kumwambia Dick Monfort hapana? Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, unamhukumu mtu kabla hajatua mkoba. DePodesta alikuwa msaidizi wa Billy Beane, meneja mkuu wa timu ya Oakland, wakiwashinda matajiri kwa bajeti ndogo. Akiwa na miaka 31 alikabidhiwa umeneja mkuu wa Dodgers wa Los Angeles, na mwaka 2004 wakaongoza kundi lao. Isitoshe, ndiye mtu wa nje wa kwanza kuongoza tangu Dan O'Dowd mwaka 1999. Mlililia mtu wa nje, mmeletewa, bado mnalalamika.

Mleta mada: Kaka, akili yake sina shaka nayo. Wala sitamsimanga kwa 2005, Dodgers walipopoteza 91 akafukuzwa. Ni miaka 20 iliyopita. Ninachosema ni kwamba akili haimsaidii mtu kama funguo ziko mfukoni mwa mwingine.

Mchangiaji wa 2: Mimi naona mnaonea watu. Tatizo ni Denver yenyewe. Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali, ule wa kupinda haupindi. Mrushaji gani mwenye jina atakuja kuharibiwa takwimu zake? Aje meneja yeyote, ni yaleyale.

Mleta mada: Dada yangu, hapo nakataa kabisa. Mwaka 2018 mrushaji wetu Kyle Freeland, mzaliwa wa Denver, alishinda mechi 17 akapoteza 7, akifungwa kwa wastani wa pointi 2.85 kwa kila awamu tisa, huku nusu ya msimu timu ikicheza kwenye hewa hiyohiyo, na Rockies wakaingia mchujo kwa mwaka wa pili mfululizo. Huyo hakununuliwa, aliteuliwa na maskauti wa Schmidt mwaka 2014, timu zilipochagua wachezaji chipukizi. Mzee yule nampa haki yake: alikuwa na jicho la kuona vijana. Akapandishwa kiti kingine kwa sababu ni wa nyumbani, tukapoteza skauti na meneja kwa mpigo. Na kama hewa ya hapa ni ngumu, basi sisi ndio tulipaswa kuwa na wataalamu wengi kuliko timu zote.

Mchangiaji wa 3: Mbona hamsemi ukweli? Mwaka 2025 mbovu hivyo, watu zaidi ya milioni 2 wamelipa kiingilio. Mwenye timu abadilike kwa lipi? Acheni kwenda.

Mleta mada: Umenigusa ndugu. Mwanangu kazaliwa hapa, timu nyingine haijui, na ile kadi ya 21-0 kaibandika ukutani. Kumwambia hatuendi tena ni kazi. Lakini kipimo changu nimeshakiweka. Mkataba wa Bryant unaisha 2028. Siku DePodesta atakapoiambia familia tumlipe chake tuachane naye, nafasi yake apewe kijana, nao wakakubali, nitanunua viti viwili siku hiyohiyo, kule kwenye zambarau. Kabla ya hapo, hela yangu inabaki mfukoni.