Pikapu imeshuka kutoka Japani ina kutu chini: andasili, nta au oili chafu?

Kusi_Likoni
Salaam jamani. Pikapu yangu imetoka bandarini majuzi na namba nimeshafunga. Juu iko safi, rangi yang'aa, viti kama havijakaliwa. Lakini fundi alipoipiga jeki aliniita nione mwenyewe: kutu ya rangi ya chungwa, na kwenye mikunjo ya chasisi kuna unga mweupe. Nimeshauriwa mambo matatu. Nipulizie andasili, ile dawa ya kukinga chini ya gari, nyeusi kama lami. Au niingize nta ndani ya chasisi. Jirani yangu naye asema zote hizo ni kutupa pesa, nipake oili chafu yaishe. Kipi bora? Nataka kuanza wiki hii.

FundiMikindani
Gari gani? Mwaka gani? Ilikuwa upande gani wa Japani? Kutu ni ya kupangusa au yabanduka magamba? Utaibebesha mizigo au ni ya kwenda harusini? Umempigia daktari simu, umesema "naumwa", umekata.

MamaKuku_Mtwapa
Na bajeti aseme. Watu huulizia kilicho bora, wakitajiwa bei hawaonekani tena.

Kusi_Likoni
Samahanini. Hilux dabo kebini ya 2019, dizeli 2.4. Nina kama elfu thelathini. Mizigo ipo, nauza vigae. Upande wa Japani siujui, karatasi ya mnada ninayo lakini ni Kijapani kitupu.

BintiKisauni
Achana na maandishi, tazama ule mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha anza kula bati. Namba inayofuata herufi ikizidi, na ubaya umezidi.

Kusi_Likoni
Naona S mbili. Na juu pameandikwa Sapporo kwa herufi zetu.

FundiMikindani
Basi umejijibu. Sapporo ni Hokkaido, kwenye theluji. Msimu wa baridi barabara za kule humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na nyingine ni kalsiamu kloridi, ambayo hujivutia unyevu wa hewani yenyewe, kwa hivyo hata gari likiegeshwa, chini hapakauki vizuri. Kwenye baridi kutu huenda polepole. Ikishushwa Kilindini, kwa joto hili na unyevu huu, ndipo yapata nafasi. Unga mweupe ulioona huenda ndio huo.

Kwa hivyo andasili au nta ni swali la baadaye, kwanza maji. Maji matamu, mengi, presha ya wastani. Chasisi ina uwazi ndani na matundu ubavuni: ingiza mpira tundu moja, uache maji yatiririke mpaka yatoke meupe upande wa pili. Mwanzo yatatoka matope. Zibua na vitundu vya chini vya kutolea maji, vingi huwa vimeziba. Umalizie ndani ya madigadi na juu ya tangi la mafuta, hapo hakuna anayepakumbuka. Kwenye injini usielekeze presha karibu na plagi za waya wala altaneta.

Kisha ikauke. Kabisa. Penye magamba piga brashi ya waya, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, praima ya zinki, rangi. Hapo sasa nta ndani, na andasili nje pale panaporukiwa na mawe tu.

ChangamweBoy
Maji matamu Mombasa hii? Waosha magari wengi ninaowajua wana pampu kisimani. Utaosha chumvi ya Japani kwa chumvi ya Kisauni.

MamaKuku_Mtwapa
Hilo kweli. Kisima changu sabuni haitoi povu, ndio kipimo changu. Subiri maji ya Baricho yatoke mferejini, jaza tangi, kaoshee nyumbani.

Mzee_Ngombeni
Yakhe mwawatisha vijana bure. Mimi oili chafu naipaka tangu enzi za pikapu ya Peugeot 504, na kutu kwangu haikuingia. Changanya na dizeli kidogo, puliza, pita barabara ya vumbi likaushike. Kila mwaka kabla ya masika warudia. Bei yake ni soda ya fundi.

BintiKisauni
Mzee wangu, kwa heshima zote, oili hiyo hulainisha raba za bushi na mabomba, na inayodondoka yaenda kwenye visima hivyohivyo tunavyovilalamikia. Kuna mafuta ya lanolini, yatokanayo na sufu ya kondoo. Nayo hayakauki, hupenya kwenye viungo, na raba nyingi hayazidhuru. Mimi siweki kitu kingine.

Mzee_Ngombeni
Mwanangu, bushi ni za kubadilishwa. Chasisi je?

Dereva_Mariakani
Ngoja niwape habari ya andasili. Nilikuwa na pikapu iliyokuja na kutu namna hiyo. Nikaipeleka gereji moja mjini, siitaji, nikasema waziwazi: ondoeni kutu, pigeni praima, ndipo mpulize. Wakaniambia njoo kesho asubuhi. Jioni ileile nikapita, naikuta imekwisha pulizwa, nyeusi tii, na sakafu bado ina madimbwi ya maji ya kuoshea. Namuuliza msimamizi imekauka saa ngapi, ajibu dawa hii hujikausha yenyewe. Pesa wameshaichukua.

Masika yakapita, vuli ikapita, ukichungulia chini kwapendeza. Siku moja natoka Mazeras na saruji, nasikia kishindo nyuma, gari limelala upande. Fundi wa njiani akaingia chini na bisibisi, akachoma pale springi ya nyuma inaposhikana na chasisi. Ilizama hadi kwenye mpini. Akavuta andasili, ikabanduka pande zima, na nyuma yake chuma kimekuwa unga, unga wenyewe umelowa. Yale maji walikuwa wameyafungia ndani.

Nilirudi gerejini na picha. Wakaniambia waranti ni ya dawa, si ya chuma.

ChangamweBoy
"Si ya chuma" 😂 Walahi watu wana majibu.

FundiMikindani
Ndiyo maana nikasema ikauke. Kusi, kabla hujanunua kopo lolote, chukua nyundo ndogo ugonge chasisi yote, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia. Penye sauti ya kufa, hapo ni fundi wa kuchomelea.

Mzee_Ngombeni
Na huyu si wa Likoni? Avuka feri. Maji yakijaa pale rampu, tairi zapita baharini kwenda na kurudi. Hiyo nta itadumu?

ChangamweBoy
Apite Dongo Kundu basi, barabara iko wazi.

Kusi_Likoni
Duka langu liko Makupa. Nizunguke mpaka Miritini nirudi mjini, dizeli utanilipia wewe?

ChangamweBoy
Dizeli na chasisi, kipi ghali? Piga hesabu.

Dereva_Mariakani
Upande wa Miritini kwenye malori utakaa foleni mpaka vigae viote ukungu. Feri ni feri, rudi nyumbani mwagia maji matamu chini, basi.

BintiKisauni
Nyote mwatazama chini. Mwamsahau kunguru. Kinyesi chake kikikaa juani mchana mmoja, rangi imekwisha, polishi haisaidii. Mimi nimetundika neti ya kivuli juu ya maegesho, tangu hapo nimepumzika.

Kusi_Likoni
Nimegonga kwa nyundo. Palia vizuri, ila nyuma kulia kuna mahali sina hakika. Na hiyo nta ya kopo, Mombasa yauzwa wapi?

MamaKuku_Mtwapa
Binti, neti gani hiyo, ya kijani au nyeusi? Yauzwa kwa mita? Hao kunguru wanimalizia vifaranga, nataka nifunike banda zima.

Mzee_Ngombeni
Neti hawaiogopi. Tundika kunguru mmoja aliyekufa, wengine hawasogei.

MamaKuku_Mtwapa
Mzee, nilimtundika. Walikuja wengi zaidi kumlilia. Binti, bei ya mita?