Pikapu mpya: petroli au dizeli? Naomba ushauri

Assalam aleikum wenzangu. Inatafutwa pikapu mpya ya kubeba tani moja. Siku tano za wiki ni safari fupi hapa Mombasa: Kongowea, Nyali, Likoni kwa feri, injini ikinguruma bure kwenye foleni. Siku moja ni safari ndefu ya Voi, mzigo umejaa.

Dizeli huvuta kwa mizunguko ya chini, na lita yake ina nishati zaidi ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Mlima wa Mazeras si kitu. Lakini hizi za kisasa nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, nalo hujisafisha ekzosi ikipata moto sawasawa kwa mwendo mrefu. Safari za dakika 10 huliziba. Tena dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu ya presha hukosa ulainisho, vyuma husagika, na unga wake huishia kwenye injekta (vinyunyizio vya mafuta) zote nne. (Bei yake mnaijua.) Petroli ni kubadilisha plagi na koili za kuwashia, basi, ila ikibebeshwa inakunywa mafuta.

Je, safari moja ya Voi kwa wiki yatosha kulisafisha chujio? Na wenye dizeli, maji ya kwenye filta ya mafuta mwayamwaga kila baada ya kilomita ngapi?