Fundi umeme miaka 11 bila cheti, leseni ya EWURA naipataje?

fundi_sakina: Wakuu habari za jioni, mimi fundi umeme hapa Arusha, kazi nimejifunzia kwa mjomba, nyumba nilizofanya wayaringi kuanzia Sakina mpaka Ngaramtoni hata sizihesabu. Shida ni pale mteja anapoomba umeme Tanesco, fomu inataka muhuri wa mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, basi naenda kwa jamaa mmoja namwachia kitu kidogo anagonga, saiti hata hajui iko wapi. Juzi nimekosa kazi ya lodge, mwenyewe anasema kazi yako naikubali ila makaratasi huna. Hivi cheti ndo ufundi jamani??

mzee_wa_njiro: Pole chalii wangu. Nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, ulizia kurasimisha ujuzi, ni kwa watu kama nyie mliojifunzia mtaani, hukalishwi darasani upya, wanakupima ukiwa kazini, penye pengo wanakupiga msasa ndo unapewa cheti. Ukishakuwa nacho unaomba leseni EWURA, zipo kwa madaraja, usikimbilie la juu.

mega500: Mi nina leseni na niseme tu huo muhuri wa kununua unanikera. Nikigonga maana yake nimepima. Natembea na mega yangu, kile kipimo cha kuona kama waya unavujisha umeme, volti 500, ikisoma chini ya megaomu moja sigongi, rudi katafute waya ulikochubuka kwenye konduti, lile bomba la waya. Hebu nikuulize, shawa ya umeme ya wati 5500 unaivutia waya gani?

fundi_sakina: Wa 2.5 (milimita za mraba) kama soketi, mbona zote zinafanya kazi kaka

mega500: Ndo hapo sasa. 5500 gawa kwa 230 ni kama ampia 24, na waya wenyewe umebanana na wenzake ndani ya ukuta. Baridi ya Julai hapa Arusha familia ya watu sita inaoga mfululizo, unadhani huo waya unapoa saa ngapi? Vuta 4 au 6, na breka yake peke yake.

mama_moshono: Yalinikuta haya. Kila asubuhi nasikia harufu ya plastiki nikajua jirani anachoma taka, kuja kufungua swichi ya shawa nyutro imekuwa nyeusi kama mkaa 😩 na fomu yangu ina muhuri vizuri tu

fundi_sakina: Dah. Mwaka huu nimefunga shawa kama nane hivi. VETA naenda Jumatatu, ila kesho asubuhi naanza na ya bibi mmoja Kwa Mrombo, anakaa na wajukuu.