Tupeane uzoefu: mfumo endeshi au programu iliyowahi kukutesa, na ulivyojinasua

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nina steshenari karibu na stendi: kompyuta tatu, printa mbili na mashine ya fotokopi. Kompyuta zote nilinunua za mtumba, prosesa ni Intel kizazi cha 6, na zote zilikuwa na Windows 10. Mnajua yaliyotokea. Tarehe 14 Oktoba 2025 mfumo ule ulifika mwisho wa kuhudumiwa, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Mashine zangu ni nzima, hazikwami, mkate wa watoto wangu unatoka humo. Ila kwenye orodha hazimo.

Fundi wa kwanza kaniambia nizitupe ninunue mpya. Wa pili kasema atanipigia window 11 kwa kuuruka ule ukaguzi. Wa tatu, kijana mmoja jirani, akaniwekea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine wa bure, kwenye mashine moja nijaribu kwanza. Ndiyo ninayoandikia sasa.

Hii ni wiki ya tano. Inawaka haraka na inanyamaza, haiombi kitu. Lakini printa yangu ndogo ya leza, ninayoitegemea asubuhi wateja wakijaa, haiioni kabisa. Na CV za watu zikifunguliwa humu zinavurugika: ya ukurasa mmoja inakuwa ukurasa mmoja na mistari mitatu, jedwali linakimbilia pembeni. Mteja amesimama dirishani, ana usaili saa nne, anaangalia kioo, kisha anakuangalia wewe. Juzi nilikaa nikaichapa upya CV ya binti mmoja kwenye mashine ya pili, neno kwa neno, maana sikutaka aende kwa mwajiri na karatasi ya ovyo.

Halafu jana mama mmoja kaniletea flashi ya kikoba chao. Folda zote zimegeuka shotikati za KB 1, ukibonyeza hazifunguki. Ni mahesabu ya akina mama 28 tangu 2017. Ameniachia, nimeiweka kwenye droo na sijaigusa, naogopa nisije nikamaliza kabisa kilichobaki.

Naomba yaliyowakuta nyie na mlivyojinasua. Ushabiki wa mfumo gani mzuri kuliko upi tuuache pembeni.

Fundi, Kariakoo

Mkuu, pole. Nianze na printa kwa sababu hiyo inaumiza wengi.

Printa nyingi ndogo za leza za bei nafuu hazipangi ukurasa zenyewe. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta kupitia draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, printa inapokea tu vitone. Sasa draiva hiyo kama imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, kwenye Linux utakesha. Siku ukinunua nyingine angalia kama inaelewa PCL au PostScript, ambazo ni lugha za printa, au kama boksi lina neno AirPrint. Hizo mara nyingi Linux inazichapishia bila kuweka draiva yoyote. Kwa sasa usipambane nayo. Iache kwenye mashine yenye Windows, kazi itengeneze huku, igeuze PDF, ihamishie kule. PDF haivurugiki.

CV zinavurugika kwa sababu ya fonti. Watu wanaandika kwa Calibri na Times New Roman, na humo hazimo, kwa hiyo inawekwa nyingine yenye upana tofauti na mistari inasukumana. Weka Carlito, herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Kwa Times New Roman ipo Liberation Serif. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Hizo mashine mbili zenye Windows 10 usizikatie tamaa bado. Ingia kwenye sehemu ya Windows Update uangalie kama zinakupa nafasi ya kujiandikisha kupata maboresho ya usalama hadi Oktoba 2026. Unapata muda wa kujipanga.

Yangu mimi niliyoyapata ni haya. Miaka kadhaa nyuma nilimwekea mteja Linux pembeni ya Windows yake. Lile dirisha la kuchagua, ama uweke pembeni, ama ufute diski yote, nilibonyeza huku naongea na mtu mwingine mlangoni. Nikafuta diski yote. Ndani mlikuwa na picha za harusi yake, nakala pekee. Nilipata baadhi kwa programu ya PhotoRec, ambayo ni huria na ni ya bure, lakini majina ya faili yote yalipotea na picha nyingine zilitoka nusu, juu bi harusi, chini kijivu. Nilimrudishia fedha yote. Hakunigombeza, akachukua begi lake akaondoka. Tangu siku hiyo siweki mfumo kwenye mashine ya mtu kabla sijahamishia vitu vyake kwenye diski ya nje na kuvifungua kimoja kimoja nihakikishe.

Mwanachuo, Dodoma

Mimi lililonitesa ni Wi-Fi, na zaidi watu niliowauliza.

Nilinunua laptopu ya mtumba nikiwa mwaka wa pili, nikaweka Ubuntu, nayo ni aina ya Linux. Ikakubali yote isipokuwa Wi-Fi. Kadi yake ni Broadcom BCM43142, na draiva yake haiji na mfumo, inabidi uipakue mtandaoni. Yaani ili nipate intaneti nilitakiwa niwe na intaneti. Hosteli hatukuwa na waya wa mtandao.

Nikaandika kuomba msaada kwenye kundi moja la watumiaji, la watu wa nchi mbalimbali. Sitalitaja. Nilieleza kwa Kiingereza changu, nikaweka na picha. Wa kwanza akanijibu nisome mwongozo, akabandika kiungo. Wa pili akasema swali hili limeulizwa mara mia, ningetafuta kwanza. Wa tatu akasema tatizo ni kununua vifaa vibaya. Nilikuwa nasoma majibu hayo kwenye simu, kwa bando la mia tano, na kila kiungo kilikuwa na ukurasa mrefu unaokuelekeza kwenye ukurasa mwingine. Bando likaisha kabla sijafika penye jibu.

Sidhani walikuwa watu wabaya. Ila anayekuambia utafute kwanza, kwake kutafuta ni bure. Hajui kama mwenzake kila kurasa anayofungua anailipia, na kama umeme ukikatika saa mbili usiku ndiyo mpaka kesho.

Aliyeniokoa alikuja siku ya tatu, kijana wa Brazil. Aliniandikia hatua tano. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB, mfumo utaiona kama kadi ya mtandao. Kisha terminalini, lile dirisha la kuandika amri: *sudo apt install broadcom-sta-dkms*. Zima, washa. Akaniambia na ukubwa wa kitakachopakuliwa ili nijue kama bando linatosha. Hilo la mwisho sijalisahau. Hajawahi kufika kwetu lakini aliwaza nililokuwa nawaza mimi.

Sasa wadogo zangu wanaoingia chuoni ninawaandikia vilevile, hatua kwa hatua na ukubwa wa faili.

Mfasiri, Unguja

Assalaam alaykum jamani. Hayo ya makundi ya programu huria yamenigusa, maana mimi nimo ndani, natafsiri. Nilianza 2016, sijalipwa hata shilingi na sikuitarajia. Nilitaka mama yangu afungue kompyuta akute Faili, Hariri, Hifadhi, asiogope.

Niwaeleze shida ilipo, kwani wengi hudhani ni uhaba wa maneno. Maneno tunayo. Tangu 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili tulishajua kwamba yapatikana. Shida ni ngeli. Programu inakuja na neno moja la Kiingereza lenye maana ya kwamba kitu kimefutwa, na neno hilo hilo hutokea kila pahala. Wenye programu wanataka tafsiri moja. Sasa wewe ukiweka *imefutwa*, picha sawa, lakini faili *limefutwa*, ujumbe *umefutwa*, kitabu *kimefutwa*, mafaili *yamefutwa*. Mtu akisoma "ujumbe imefutwa" anaona kama kaandika mgeni, anarudi zake kwenye Kiingereza.

Na nambari hivyo hivyo. Wanaoandika programu hutia nambari mbele ya neno, moja kwa moja ndani ya msimbo: 3 faili. Sisi twasema faili 3. Ukiomba wapabadilishe unaambiwa lugha nyingine hazikulalamika.

Niliwaandikia nikaeleza kwa mifano, kwa adabu. Ombi langu lilikaa miezi saba bila kujibiwa. Aliyekuwa akipitisha tafsiri aliondoka, na mwenye kushika nafasi yake hakuwapo. Huku toleo jipya likatoka na sentensi mpya tele za kutafsiri. Usiku ule niliifunga kompyuta nikakaa barazani, nikamwambia mke wangu basi, nimeacha.

Sikuacha. Nilitafuta njia ya kupita ndani ya lugha yenyewe: badala ya *imefutwa* nikaandika *kufuta tayari*. Kufuta ni kitenzi kilichogeuka jina, hakidai ngeli ya kilichofutwa. Palipofaa nikatumia amri tu, *Futa*, *Hifadhi*, *Rudisha*. Tafsiri zikapitishwa hatimaye, na anayesimamia sasa kaongeza sehemu ya kueleza neno linatumika wapi. Kazi ingali nyingi. Mwenye Kiswahili kizuri na nusu saa kwa wiki, karibu sana, hapahitajika kujua kuandika programu.

Mama wa saiba, Mombasa

Mimi yangu ni fupi. Nina saiba ya mashine sita na wateja wangu wanajaza fomu za serikali. Nilihamisha zote sita kwa Linux kwa mkupuo mmoja ili nisilipie leseni. Wiki hiyo hiyo ikaja fomu ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. LibreOffice, programu ya ofisi ya huku Linux, inaifungua lakini vitufe vyake havifanyi kitu. Foleni mpaka nje. Nilimpigia ndugu yangu aniletee laptopu yake yenye Windows na Excel, tukamaliza nayo siku nzima.

Sasa nina mashine nne za Linux na mbili za Windows. Hizo mbili nimeziwekea kwamba mtandao unapimwa (metered connection), ndiyo zisijipakulie apdeti kubwa katikati ya kazi. Mpangilio huo uko kwenye ukurasa wa Wi-Fi unayotumia. Kabla sijaujua, bando la mwezi lilikuwa laisha kabla ya tarehe kumi.

Mdau, Goma

Bandugu, mimi nilipata shida ya kibodi. Hapa laptopu nyingi ni za AZERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi ya Kifaransa. Niliweka Linux, nikachagua kufunga diski kwa paswedi. Asubuhi paswedi inakataa. Ile sehemu ya kuandika paswedi wakati mashine inawaka ilikuwa inasoma kibodi kama QWERTY, ule mpangilio wa Kiingereza: nikibonyeza A yeye anasoma Q. Siku mbili sikuingia. Kama kibodi yenu ni ya Kifaransa, paswedi ya diski iwe na herufi ambazo hazihami, muepuke A, Q, Z, W, M na nambari.

Mwalimu, Tabora

Nimesoma yote. Mimi nimefundisha kompyuta tangu enzi za Windows XP, na kuna kitu nakikumbuka.

Mwaka 2008 nilijaza fomu mtandaoni, Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure duniani kote. Sikuamini. Baada ya wiki kadhaa sanduku la posta la shule lilikuwa na bahasha, ndani CD kwenye jaketi la karatasi, na stika. Kwa CD hizo tuliamsha mashine tisa zilizokuwa zimelala stoo. Huduma ile ilisitishwa 2011. Najua gharama ilikuwa kubwa kwao na siwalaumu. Lakini aliyeibuni alielewa kwamba kuna mtu mwenye kompyuta na hana intaneti.

Leo kupakua mfumo mmoja ni gigabaiti kadhaa. Mimi hupakua usiku kwa bando la usiku, nahakiki faili kwa *sha256sum* ili nisigawe kitu kilichoharibika njiani, kisha naweka kwenye flashi. Mtu yeyote wa Tabora mwenye flashi ya GB 8 kwenda juu aje nimnakilie. Chai ipo.

Fundi, Kariakoo

Mleta mada, nilisahau flashi ya yule mama. Usiifungue kwenye Windows, na zile shotikati usibonyeze hata moja, ndizo zinazobeba kirusi. Ichomeke kwenye Mint. Kirusi kile mara nyingi hakifuti kitu, kinaficha tu folda, na Linux haijali ule uficho wa Windows. Wakati mwingine huzikusanya zote kwenye folda moja isiyo na jina, utaona alama ya folda na chini yake hakuna kitu. Ingia humo. Nakili folda halisi pekee, acha shotikati na faili zozote usizozijua, kisha ifomati flashi.

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, nimerudi.

Nimechomeka flashi kwenye Mint saa moja jioni baada ya kufunga duka. Folda isiyo na jina ilikuwepo, kama fundi alivyosema. Ndani: 2017, 2018, 2019, mpaka mwaka huu. Nimefungua la 2017, ukurasa wa kwanza una majina ya akina mama 28, na mbele ya kila jina hisa, jamii na mkopo. Hakuna kilichopungua. Nimempigia simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema anakuja asubuhi, na atakuja na mweka hazina. Nimemwandalia nakala mbili, moja ikae kwa mwenyekiti.

Carlito imeingia, CV zinakaa ukurasa mmoja.

Mfasiri, nimekutumia ujumbe. Mwalimu, nina shemeji Tabora, nitamtuma na flashi. Printa bado. Kesho naijaribu ile njia ya PDF.