Tupeane uzoefu: wiki ya mvua na ngurumo kuzunguka ziwa, wewe hupanga kazi vipi?

Jirani wa Kachok (Kisumu)
Misawa wadau. Tumeingia ile wiki ya Aprili ambayo utabiri wa siku saba unafanana kila siku: asubuhi jua, alasiri mvua na ngurumo sehemu kadhaa za Bonde la Ziwa Victoria, usiku mvua sehemu chache. Jirani yangu aliusoma akacheka, "Hawa si wameandika kila kitu ndio wasikose?" Mimi naona kuna mambo mawili humo ambayo watu huyapita mbio: saa na mahali.

Saa inatokana na ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuingia bara, unakutana na ule wa mashariki kwenye milima ya Nandi na Kericho, na hapo mawingu yanapanda. Ndiyo maana mvua ya Kisumu mara nyingi tunaiona kwanza imening'inia kule Nandi, kisha jioni inatushukia. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, upepo unaelekea majini, na ngurumo zinahamia juu ya ziwa mpaka alfajiri.

Kuhusu mahali, Idara ya Hali ya Hewa ikisema "sehemu chache" inamaanisha chini ya asilimia 33 ya eneo, "kadhaa" ni 33 hadi 66, "nyingi" ni zaidi ya 66. Kwa hiyo hapa Kisumu, Mamboleo inaweza kulowa chapachapa huku Dunga vumbi linatimka, na bado utabiri ukawa umetimia. Kile kiwingu kidogo kwenye simu hakikuambii hayo.

Haya, leteni yenu. Wiki kama hii unasoma nini, unaamua nini? Malalamiko tupu tumeyazoea, tuambieni mnafanyaje.

Mama Omena (Usenge)
Mimi nategemea jua la asubuhi tu. Omena, hawa dagaa wa ziwani, isipokauka siku hiyo hiyo inaondoka kwenye bei ya chakula cha watu inaingia bei ya chakula cha kuku. Msimu huu naanika mapema, umande ukishaondoka tu, na kuanzia saa saba macho yangu yako juu. Wengi hungoja tone la kwanza ndipo wakunje, na omena iliyonyeshewa ikiwa nusu kavu inaharibika vibaya. Tangu tuhamie kwenye vichanja vya mbao na wavu, hewa inapita juu na chini, hata kamvua kadogo hakatumalizi kama zamani tulipokuwa tunaanika mchangani. Nailoni ya kufunikia ikae pale pale ufukweni, si nyumbani. Na mnunuzi akipiga simu kusema "ngoja kesho bei itapanda", wiki kama hii simngoji.

Baharia (Mbita)
Mama, wewe unaiona ikishafika nchi kavu. Sisi tuko ndani ya ule usiku. Omena tunavua kwa taa, siku za giza mwezi ukiwa haupo, saa zile zile ngurumo zinapokuja majini. Idara hutoa utabiri wa ziwa peke yake, unaotaja upepo, mawimbi na radi, na BMU yetu, yaani kamati ya kusimamia ufuo, huutuma kwenye kikundi cha simu. Mstari wa mvua hata siusomi. Kinachopindua boti ni upepo unaoitangulia: hewa baridi inaporomoka kutoka kwenye wingu, inasambaa juu ya maji na kukufikia ukiwa bado unaona nyota. Ukisikia baridi ya ghafla usoni, na umeme unamulika upande ule ule bila kuhama, vuteni nyavu mwondoke. Jaketi za kuokolea tunazo, ila kuna watu wanazifanya mto wa kulalia.

Jirani wa Kachok
Baharia, na nahodha akikataa kurudi?

Baharia (Mbita)
Omera, mara nyingi anayekataa hayuko hata ndani ya boti. Mwenye boti yuko nyumbani, mafuta yamenunuliwa kwa deni, na vijana wanajua wakirudi mikono mitupu watakatwa malipo. Ufuo wetu ulikubaliana kwamba usiku wa onyo la upepo mafuta ni hasara ya mwenye boti, vijana hawakatwi. Tangu hapo kurudi mapema hakuleti vita.

JaKano (Ahero)
Watu wa Kano tunasoma utabiri wa watu wengine. Mto Nyando unateremka kutoka milima ya Nandi na Kericho, kwa hiyo mimi naanza na Nyanda za Juu, Ahero baadaye. Mafuriko yanaweza kutukuta mbingu zikiwa safi, watoto wanacheza nje, kumbe kule juu ilinyesha jana mchana kutwa. Onyo la mvua kubwa kwa Idara ni zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Mtu huuliza, milimita 20 ni kitu gani? Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20, hizo ni lita 1,000. Sasa chukua milima yote ile, halafu kumbuka uwanda wetu ni tambarare na maji hayana haraka ya kuondoka.

Ninachofanya: kuna jamaa upande wa Muhoroni, na mwingine juu zaidi, tunapigiana simu. Rangi ya mto ikigeuka ghafla na vijiti vikianza kupita, mbuzi wanahamia kwa shemeji kwenye mwinuko, gunia za mpunga zinapanda juu ya matofali, vitambulisho na karatasi za shamba zinaingia kwenye mfuko wa nailoni. Hatungoji chifu. Ndugu zetu wa Budalang'i wana hesabu hiyo hiyo na mto Nzoia, ambao unabeba maji ya Cherangany na Elgon mpaka mlangoni kwao.

Boda wa Kondele
Mimi naangalia Nandi tu. Nandi ikiwa nyeusi saa tisa, bei ya kwenda Nyamasaria inapanda saa kumi. Msiniulize sayansi.

Abiria wa kila siku (Nyalenda)
Hivi kumbe huwa mnapandisha kabla haijanyesha! Nilikuwa nashuku.

Mkulima wa Njoro
Kutoka Nakuru, hatuna ziwa la kutuletea upepo kiasi hicho lakini alasiri ni zile zile. Kazi yangu ni viazi, na adui mwezi huu ni ugonjwa wa ukungu wa majani, ambao unapenda baridi na unyevu kama hivi. Dawa ya kinga ukinyunyiza saa nane ikanyesha saa tisa, umenyunyizia mtaro. Kwa hiyo ni asubuhi, majani yakishakauka umande, ili dawa ipate saa kadhaa za kushika. Mbolea ya kukuzia mahindi pia siiweki siku iliyoandikwa mvua kubwa, nangoja ile ya wastani, udongo ukiwa na maji bila kutiririka.

Jambo lingine la huku, tafadhali msilipuuze: mabwawa ya mashambani. Lile la Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua, na likaua watu zaidi ya 40. Mvua ya siku moja peke yake isingelijaza. Kama unaishi chini ya bwawa, jumlisha wiki zilizopita, usiangalie leo pekee, na ukiona ukuta unavuja maji ya matope, hama kwanza, uliza baadaye.

Mpwani wa Milimani (Kisumu)
Mimi ni mtu wa Kilifi, maisha yamenileta huku. Mwanzoni nilihangaika, maana kwetu masika yenyewe hasa ni Mei, kusi, upepo wa kusini, ikishaanza kuvuma, na mvua hupenda kuja usiku na asubuhi kutoka baharini. Nilikuwa natoka na mwavuli asubuhi na kuuacha kazini jioni, yaani kinyume kabisa.

Mkitaka kujua wiki ijayo itakuwaje huku, chungulieni pia Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa mashariki mwa Madagaska, upepo wa magharibi kutoka Kongo unaweza kupata nguvu na bonde la ziwa likanyeshewa kupita kawaida. Machi 2018 vilikuwa viwili, Dumazile na Eliakim, na msimu ule anaousema Mkulima sote tunaukumbuka. Lakini Machi 2019 Idai, iliyokuwa magharibi mwa Madagaska, ilivuta unyevu kwenda Msumbiji, na mvua zetu zikachelewa. Kwa hiyo mtu akikuambia "kuna kimbunga huko chini", muulize kiko upande gani wa Madagaska. Mei 2024, Hidaya ilipokaribia Tanzania, onyo la upepo na mawimbi lilikuwa la Pwani, si la huku.

Mwalimu (Kisii)
Hakuna aliyegusa radi za nchi kavu, na huku ndizo zinazotutoa roho. Tatizo ni saa tisa na nusu: kengele inalia, watoto wanatoka, wingu limefika. Kwetu tunahesabu. Umeme ukimulika, hesabu polepole. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya 30, hakuna anayevuka uwanja, na tunakaa ndani nusu saa nzima baada ya ngurumo ya mwisho. Wazazi wengine hupiga simu kugomba kwamba mtoto amechelewa kuteka maji. Wagombe tu. Anayekimbilia chini ya mkaratusi ndiye ninayemwogopea zaidi.

Mulembe (Luanda, Vihiga)
Mmesahau wazee. Huku Bunyore ukoo wa Nganyi umejulikana kwa mvua tangu zamani, wanatazama miti, wadudu, ndege na upepo. Idara haikuwadharau, ilikaa nao, pande zote zikawa zinalinganisha utabiri wa msimu kabla ya wakulima kuambiwa. Kwa kuamua lini nipande mahindi, bado nawasikiliza. Kwa kuamua leo saa nane nianike nguo, hapana, hiyo ni kazi ya kutazama Nandi kama Boda.

Dada wa Seme
Naombeni msaada wa haraka. Tuna mazishi Jumamosi hii, tenti mbili, wageni wengi kutoka Nairobi. Utabiri unasema alasiri mvua na ngurumo sehemu kadhaa. Familia inataka ibada ianze saa tano.

Mama Omena (Usenge)
Pole sana dada. Saa tano ni kuchelewa. Anzeni saa tatu, chakula kije baada ya kaburi.

JaKano (Ahero)
Pole kwa msiba. Chimbeni mfereji upande wa juu wa kaburi na wa tenti Ijumaa jioni, na kaburi lifunikwe mabati usiku. Viti visikae bondeni hata kama ndipo penye kivuli.

Baharia (Mbita)
Na kamba za tenti zifungwe kwenye vigingi virefu vya chuma, si mawe. Upepo ule wa kutangulia mvua nilioueleza hauchagui ziwa peke yake. Vipaza sauti na jenereta zizimwe ngurumo zikikaribia.

Dada wa Seme
Asanteni. Saa tatu nitaipigania. Shida ni wanasiasa, wanafika saa nane na kila mmoja anataka maikrofoni.

Jirani wa Kachok
Wape nafasi ya kuzungumza Ijumaa usiku kwenye mkesha. Atakayekuja Jumamosi saa nane azungumze kaburi likishafunikwa, kwa watakaokuwa wamebaki.