Tupeane uzoefu: mafundi wamepungua mjengoni, mashine gani inasaidia kweli?

Mjengo_Nakuru: Msimu wa kupanda ukifika vibarua wanarudi shambani, na vijana wengi wameshahamia bodaboda kwa sababu pesa inaonekana kila jioni. Wanaotumia mashine, semeni kipimo, hatua na kinachoharibika. Porojo za wauzaji tumeshiba.

TofaliKakamega: Mashine ya mkono ya tofali za intaloki, zile za udongo na simiti zinazoshikana zenyewe bila mota. Lakini pima udongo kabla hujanunua simiti. Tengeneza kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta, jaza udongo uliolowa, uache ukauke wiki moja kivulini. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Chini ya milimita 12, simiti 1 kwa udongo 18. Hadi 25, 1 kwa 16. Hadi 38, 1 kwa 14. Hadi 50, 1 kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime tena. Udongo mwekundu wa huku mara nyingi unadai mchanga huo.

Maji ndiyo huponza wengi. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke pagumu. Vipande vinne hadi sita, endelea. Likiwa unga, ni kavu. Likibaki donge, litanata kwenye mashine. Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa, la sivyo simiti inashika kwenye rundo na pembe za tofali zinakatika.

Ziwani_K: Omera (ndugu), kwa uwanda wa Kano, huku karibu na Kisumu, sahau udongo mweusi. Mvua unavimba, jua unapasuka. Leta maramu (udongo mwekundu wa changarawe) kutoka nje.

Pimamaji: Wauzaji wakisema intaloki haihitaji fundi, wanakudanganya. Kuanzia kozi (safu ya tofali) ya pili, kibarua aliyefundishwa siku mbili anapanga vizuri. Kozi ya kwanza inalazwa kwa mota, kwa kamba na pimamaji, na hiyo ni ya fundi hasa. Pia kiasi cha udongo kwenye mashine kisibadilike: tofali likizidi milimita 2 upande mmoja, kozi kumi baadaye ukuta umeinuka sentimita 2, na ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, ndiyo italipa.

Mjengo_Nakuru: Tofali zikitoka, kumwagilia siku ngapi?

TofaliKakamega: Siku ya kwanza kivulini chini ya nailoni, bila maji. Kisha mwagilia kila siku, siku 7 angalau. Usijengee kabla ya siku 28, hata mwenye nyumba akipiga kelele.

Zege_Njoro: Miksa ya zege ya mfuko mmoja wa simiti inapunguza watu wa koleo. Anza na maji kidogo, kokoto, mchanga, halafu simiti, kisha maji yaliyobaki. Izunguke dakika 2. Kwa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), karai halifai kupimia. Unda sanduku la lita 35, sawa na mfuko wa kilo 50. Maji yasipite lita 28 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Ukiona zege inamiminika yenyewe kwenye wilbaro, kuna mtu amemwaga ndoo ya ziada ili apate urahisi wa kusukuma.